Watoto Wetu Wanacheka kwa Kiingereza

Desemba iliyopita, shule zikiwa zimefungwa, watoto wa uani kwetu Tabata, Dar es Salaam, walianzisha mchezo ambao hatukuwahi kuuona. Chini ya mwembe palikuwa na dodo moja limeoza, limepasuka ubavuni, nzi wamelijaa. Anayeligusa anashikwa na laana. Laana haimtoki mpaka amguse mwenzake, na huyo wa kuguswa lazima awe amejisahau, kwa sababu aliyepishanisha vidole ana kinga. Basi ikawa mbio na kelele mchana kutwa. Hata kwenye mkeka wa chakula walikula ubwabwa huku mkono wa kushoto umefichwa mgongoni, vidole vimepishana, wanatazamana kwa tahadhari.

Tukawauliza mchezo huu wameutoa wapi. Wakatuletea kitabu. Kilikuwa nakala ya mtumba ya Diary of a Wimpy Kid, jalada limeshikizwa kwa selotepu, kurasa mbili za mwisho hazipo. Mwenyewe ni binti wa darasa la tano anayesoma shule ya Kiingereza. Aliyekuwa habanduki ubavuni pake ni binamu yake, darasa la tano vilevile, aliyekuja kutoka Singida kula sikukuu. Huyu shule yake ni ya serikali, Kayumba kama tunavyoziita, na masomo yake ni kwa Kiswahili. Kila jioni wawili hawa walilala kifudifudi mkekani. Mmoja anasoma ukurasa kimyakimya, kisha anamsimulia mwenzake kwa Kiswahili, huku mwenzake anafuatisha michoro kwa kidole.

Ndani ya kitabu kile kuna kipande cha jibini kilichoozea kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa shule, na yeyote atakayekigusa anatengwa na wenzake mpaka amwambukize mwingine. Wa Singida akauliza jibini ni nini. Mwenzake akafikiri, akasema ni kama maziwa ya mgando yaliyokaushwa, yanauzwa supamaketi. Halikumwingia. Akamwambia ni kama siagi ngumu. Napo hapakufika mbali. Ndipo binti akatazama juu ya mwembe, akasema, "Basi wewe chukulia ni embe bovu." Wakacheka mpaka wakagaragara.

Sisi tuliokuwa barazani ilitupendeza sana ile furaha, kisha ikatuuma. Mtoto wa Singida ana Kiswahili kitamu kuliko wote pale uani. Akisimulia habari ya fisi na sungura, wenzake wanaacha hata katuni kwenye runinga. Lakini ili acheke na kitabu, ilibidi asubiri mwenzake asome kwanza, acheke kwanza, halafu ndiyo amgawie. Kicheko kilimfikia kama chakula kilichopoa.

Ndiyo maana tumeamua kusema. Sisi ni mwendesha bajaji, muuguzi, fundi cherehani, mama mwenye genge la mboga, mwalimu wa msingi aliyestaafu, na mimi niliyepewa kalamu kwa sababu eti ndiye ninayeandika barua za mtaa. Hatuna chama. Tuna watoto, na tumechoka kusikia kila mwaka kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma.

Wanapenda. Tumewaona kwa macho yetu. Anayesema hawapendi hajawahi kumpokonya mtoto kitabu saa nne za usiku ili azime taa.

Mwezi Januari, mbali na ada na sare, tulichangishana. Kila nyumba ilitoa kidogo ili tununue vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vizunguke kwa zamu. Tukaenda mjini, mimi na Mwalimu. Katika duka la kwanza vitabu vya Kiingereza vya watoto vilikuwa vimepangwa mbele mlangoni, vinang'aa: Wimpy Kid, Dog Man, Geronimo Stilton, Harry Potter. Wimpy Kid mpya tuliambiwa shilingi 35,000. Hizo kwetu zilikuwa karibu kilo kumi na mbili za mchele. Tukauliza vya Kiswahili. Kijana wa dukani, mwenye adabu zake, akatupeleka hadi nyuma kabisa, kwenye rafu ya chini, akainama nasi. Vipo, bei nafuu, vingine shilingi 4,000. Mwalimu akavipekua kimoja kimoja, miwani puani. Vingi vilikuwa vijitabu vya kurasa kumi na sita au ishirini na nne, herufi kubwa, vya mtoto anayeanza kusoma. Akauliza, "Vya mtoto wa miaka kumi, kumi na miwili?" Kijana akasimama, akatembea hadi rafu nyingine kabisa, akarudi na Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Hivyo ni vya sekondari, vya mtihani.

Hapo ndipo tulipoliona shimo. Mtoto anajifunza kusoma kwa Kiswahili akiwa na miaka saba, minane. Anapewa vijitabu vya sungura na vya kunawa mikono. Anapofika miaka tisa, ule umri ambao akipata kitabu kizuri anakimaliza kwa siku mbili, Kiswahili kinamwambia asubiri. Asubiri mpaka afike kidato, na akifika kidato vitabu vinakuja vimefungwa pamoja na maswali ya uhakiki. Katikati pale pana miaka minne au mitano mitupu. Na ndani ya miaka hiyo Greg Heffley, yule mtoto wa Wimpy Kid, na Harry Potter wamesimama mlangoni na mikono wazi. Mtoto mwenye Kiingereza anaingia. Asiye nacho anabaki nje na mpira wa soksi.

Mpira wa soksi ni mzuri. Tunasema tu kwamba angekuwa na vyote viwili.

Tulinunua vijitabu saba. Jumamosi tukawakusanya watoto kumi na mmoja barazani, chai na maandazi, tukawaambia wasome, halafu waseme ukweli wao bila kuogopa mtu. Mwalimu aliwaapia kwamba hatakasirika. Yaliyotoka kwenye vinywa vyao tuliyaandika, na tungependa wachapishaji wetu wangekuwepo wakayasikia kwa masikio yao.

Mmoja wa darasa la sita alikifungua kitabu kuanzia nyuma. Tukamuuliza kwa nini. Akasema anaangalia kwanza kama kina maswali. Kilikuwa nayo, kumi. Akakiweka chini taratibu, akasema, "Hiki ni cha shule." Mwingine alisema, "Mimi nimeshajua. Huyu hajamsikiliza mama yake, kwa hiyo atapata ajali." Akafungua mbele, na kweli, mtoto amevunjika mguu. Kwenye kijitabu kingine mtoto mkaidi aliumwa na nyoka. Kwenye cha tatu alipotea porini, akarudi analia, akaomba msamaha mbele ya ukoo mzima. Yule wa Singida, ambaye hazungumzi ovyo, akauliza swali ambalo Mwalimu mpaka leo analirudia: "Kwani mtoto mtundu hawezi kupona?"

Walisema pia kwamba watoto wa kwenye vitabu wanaongea kama watu wazima. Hakuna anayesema "acha bwana," hakuna anayemtania mwenzake, hakuna anayekimbilia dirisha la daladala kuwahi siti. Walisema picha ya jalada ina rangi lakini ndani ni weusi uliofifia, na kwamba kwenye kitabu kimoja mhusika ana nywele fupi ukurasa wa nne na ukurasa wa tisa amesukwa. Vitu vidogo. Lakini mtoto anaviona, na akiviona anajua kwamba aliyetengeneza kitabu hakumheshimu vya kutosha kurudia kukiangalia.

Haya, na wao ni waungwana, kimoja walikipenda. Kilikuwa na bibi anayekoroma mpaka kuku wanaruka bandani. Hicho kilisomwa kwa sauti mara tatu, na tangu siku hiyo mtu akisinzia barazani anaitwa bibi wa kuku.

Tumekaa tukajiuliza kwa nini vitabu vyetu vingi viko vile. Waandishi wetu si wavivu wala si wajinga. Tatizo tunavyoliona sisi ni kwamba kitabu cha mtoto wa Kiswahili karibu kila mara kimetumwa. Kimetumwa kufundisha kunawa mikono, kimetumwa kupanda miti, kimetumwa kuonya juu ya malaria, ukimwi, utoro. Aliyekigharimia alikuwa na ujumbe wake, ni ujumbe wa kweli na wa maana, naye anataka kuuona pale kwenye ukurasa. Au kimeandikwa ili kipate ithibati kiingie shuleni, kwa sababu shule ndiyo soko. Mzazi kama sisi hanunui, wanasema. Kwa hiyo mwandishi anapokaa kuandika, mbele yake anamwona ofisa, anamwona mfadhili, anamwona mwalimu mkuu. Mtoto yuko nyuma ya hao wote, anachungulia.

Hatusahau fadhila. Mwaka 1991, wakati vitabu vya watoto vilipokuwa karibu kutoweka nchini, ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Ukawasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala za kila kitabu na kuzipeleka shuleni, ukafundisha waandishi na wachoraji. Muuguzi wetu alisoma vitabu hivyo akiwa mdogo, na mpaka leo anakumbuka harufu ya sanduku lilipofunguliwa mbele ya darasa. Bila juhudi zile hata ile rafu ya chini isingekuwepo. Lakini mtoto wa 1991 hakuwa na simu ya mama yake ya kuchezea, wala Greg Heffley hakuwa amezaliwa. Leo kitabu cha Kiswahili kinashindana, na kimeingia uwanjani kikiwa kimefungwa miguu na maswali kumi ya mwisho.

Kuhusu hayo maswali, tusikilizeni kidogo, maana hapa ndipo mioyo yetu inapochoma.

Fundi cherehani ana watoto wawili wa kiume. Mkubwa yuko sekondari na anasoma Takadini, riwaya ya Ben Hanson juu ya mtoto aliyezaliwa na ualbino na mama yake, Sekai, anayekimbia naye usiku ili asiuawe. Kijana anakichukia. Amekichora pembeni mistari myekundu: dhamira, mhusika mkuu, mhusika msaidizi, tamathali za semi. Ukimuuliza Sekai ni nani atakwambia ni mhusika mkuu mwenye upendo na ujasiri, kama anavyosema mtu nambari ya simu yake. Mdogo wake wa miaka kumi na moja alikiokota kitabu hichohicho juu ya cherehani. Hakuna aliyemwambia akisome. Alikaa nacho chini ya meza ya kukatia vitambaa, siku mbili. Usiku wa pili alimfuata baba yake, macho mekundu, akauliza kama kijiji kile kipo na kama tunaweza kwenda. Kitabu ni hichohicho, na nyumba ni hiyohiyo. Mmoja alitumwa kukisoma, mwingine alikikuta.

Na wala hatusemi mitihani ifutwe. Tunasema kuwe na vitabu ambavyo havitaulizwa na mtu.

Kuna kisa kinachojulikana cha Harry Potter. Wachapishaji kadhaa wa Uingereza walikuwa wamekikataa kitabu hicho. Kilipofika Bloomsbury, mwenyekiti wao, Nigel Newton, alichukua sehemu ya mwanzo akampa binti yake wa miaka minane. Mtoto akapanda nayo chumbani, akashuka anataka iliyobaki, na akaendelea kuidai. Kitabu kikatoka mwaka 1997, nakala 500 tu za jalada gumu mwanzoni. Leo mfululizo huo umeuza zaidi ya nakala milioni 500 na umetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 80. Na Jeff Kinney alipochora Wimpy Kid alidhani anawaandikia watu wazima wakumbuke utoto wao. Mhariri ndiye aliyetambua kwamba ni cha watoto, kikatoka 2007, na sasa mfululizo umeshapita nakala milioni 250. Hatuyataji haya ili kuwasifia wakubwa wa mbali. Tunataka kujua: katika meza gani hapa kwetu, kabla kitabu hakijachapishwa, kuna kiti cha mtoto wa miaka minane?

Habari ya Harry Potter ilituletea mjadala mkubwa barazani. Mama wa genge hakitaki. Anasema ni kitabu cha uchawi, na uchawi hauchezewi, na katika hilo ana wenzake wengi: huko Marekani pia kilikuwa kati ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika maktaba na shule kwa muongo mzima. Tunaheshimu msimamo wake na mwanawe hakisomi. Lakini siku moja binti wa darasa la tano alipokuwa anawasimulia wenzake Harry Potter, walipofika kwenye ufagio unaoruka, mtoto mmoja alimkatiza. "Ufagio? Mbona wa kwetu wanapanda ungo?" Zogo likaanza. Mmoja akasema ungo ni bora kwa sababu unakaa, huning'inii. Mwingine akasema lakini ungo hauna usukani. Mwingine akadai shangazi yake wa Sumbawanga anamjua mtu aliyeona ungo umeanguka juu ya bati. Nusu saa nzima walijenga hadithi: shule ya usiku, mwalimu mkali, mtihani wa kurusha ungo kupita juu ya minazi bila kugusa makuti, na mtoto mmoja maskini ambaye ungo wake umetoboka kwa hiyo anaruka upande. Mama wa genge mwenyewe alicheka kwa huyo wa ungo uliotoboka, khanga mdomoni.

Hadithi ile ilikuwa yetu kuanzia kwenye ungo mpaka kwenye makuti. Ikaisha jioni ile, wakaenda kuoga. Hakuna aliyekuja kuiandika, na kitabu chake hakiko dukani.

Tusidanganyane kwamba sisi wazazi tuko pamoja katika kila jambo. Baba wa bajaji analalamika kwamba tangu mwanawe aanze Wimpy Kid amejifunza kujibu. Akitumwa dukani anasema, "Kwa nini kila siku mimi?" Greg yule kweli si mtoto wa mfano: ni mvivu, anamsukumia rafiki yake makosa, anajiona yeye ndiye mwenye akili nyumba nzima. Na kile kingine cha Captain Underpants, cha mwalimu mkuu anayezunguka na chupi na pazia mgongoni, kimewaudhi hata wazazi wa kwao. Chama cha Maktaba cha Marekani kilikiweka juu kabisa ya orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa mwaka 2012, na tena 2013. Kwa hiyo baba wa bajaji hayuko peke yake duniani.

Lakini tulimuuliza mwanawe mbele yake, kwa upole, anampendea nini Greg. Tulitarajia aseme anachekesha. Akasema, "Anakosea, halafu kesho anaenda tena shule." Baba yake alinyamaza. Baadaye, watoto wakiwa wamelala, alituambia kwamba yeye aliacha shule darasa la sita kwa sababu ya kosa moja, akaogopa kurudi. Hakuwa amewahi kutuambia hilo, miaka yote tunakaa naye.

Sasa mtu asiseme kwamba mtoto mtundu ni mgeni kwetu, ameletwa na Wamarekani. Mwalimu, aliyevumilia mengi, ndiye aliyetukumbusha Madenge. Waliokua miaka ya themanini na tisini wanamjua: yule mtoto wa kwenye gazeti la vibonzo la Sani, aliyemtoa jasho mwalimu na baba yake, wakati Ndumilakuwili na Lodi Lofa wanatamba kurasa za jirani. Tulimsoma tumejificha, gazeti limekunjwa ndani ya daftari la hesabu. Kenya nako Juha Kalulu wa Edward Gitau amewachekesha wasomaji wa magazeti ya Kiswahili kwa miongo mingi. Tulikuwa na Greg wetu kabla Greg hajachorwa, tena anaongea Kiswahili cha mtaani kabisa. Alipotolewa kwenye gazeti hakupewa kitabu cha jalada gumu chenye picha safi, kitakachokaa juu ya rafu ya mbele mlangoni. Tulimchukulia kuwa upuuzi wa kufungia vitumbua. Na walimu wa wakati huo walimchana, Mwalimu wetu akiwemo. Anakiri kwa uchungu. Anasema aliyachana magazeti mengi, na wale waliokuwa wakisoma Madenge kwa siri ndio waliokuwa wakisoma vizuri kuliko wote darasani.

Lingine linalotukera ni tafsiri. Mwaka 1929 mtoto aliyejua Kiswahili aliweza kusoma Kisiwa Chenye Hazina kwa Kiswahili. Mwaka huohuo ikatoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, na mwaka 1932 Safari za Gulliver. Alice wa Lewis Carroll aliingia Kiswahili mwaka 1940. Hizo zilikuwa enzi za mkoloni, na vitabu vile vilichaguliwa na yeye kwa sababu zake, vingine vikimdharau Mwafrika waziwazi. Hatuzitamani enzi hizo. Lakini fikirini: babu zetu walisoma kwa Kiswahili vitabu vilivyokuwa vikisomwa na watoto wa London, na wajukuu zao, ambao lugha yao sasa imetengewa siku yake duniani, Julai 7, na inazungumzwa kwenye vikao vya Umoja wa Afrika, hawana Harry Potter wa Kiswahili mwenye kibali, wa kununuliwa dukani. Lugha zaidi ya 80, na yetu haimo.

Mtu atasema Kiswahili hakina maneno. Hilo tulilikataa palepale. Ida Hadjivayanis, yuleyule aliyetupatia Peponi ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili, aliitafsiri upya Alice mwaka 2015, na Alice ni kitabu cha michezo ya maneno ambacho kinawashinda watafsiri wa lugha nyingi. Mkuki na Nyota walituletea Mwana Mdogo wa Mfalme, kitabu kilichoandikwa kwanza kwa Kifaransa. Anayeweza kumfanya mtoto yule wa kwenye sayari ndogo aongee Kiswahili atashindwa nini na Greg Heffley? Binti wa miaka kumi na moja alilala kifudifudi mkekani akageuza jibini kuwa embe, na wenzake wote wakaelewa.

Mtu mwingine atasema watoto wenyewe wanataka Kiingereza. Sikilizeni Ubongo Kids. Walianza mwaka 2014, katuni ya Kiswahili iliyotengenezwa Dar es Salaam, nyimbo za hesabu na sayansi. Hata mtoto wa shule ya Kiingereza hapa kwetu anaziimba anapooga. Lugha haikuwahi kuwa kikwazo kwa hao watoto. Kilichotengenezwa vizuri, kikawachekesha, walikipokea.

Kwa hiyo tunaomba, na tunaomba tukiwa tumekasirika. Serikali imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ikatolewa mara ya kwanza mwaka 2023, na hadithi za watoto nazo zikaja kupewa nafasi yake. Vizuri sana. Waongezeni watoto kwenye jopo la majaji. Wapeni miswada mitano ya mwisho, bila majina, muone watakachokimaliza na watakachokiacha ukurasa wa tatu. Wachapishaji, toeni kitabu kimoja tu kwa mwaka, cha mtoto wa miaka kumi, chenye kurasa mia na michoro, bila swali hata moja nyuma, kisichofundisha chochote kwa makusudi. Kileteni kwenye steshenari za mitaani, pale tunaponunua daftari na kalamu, kwa sababu sisi mjini tunaenda kwa shida na nauli ni mara mbili. Tutanunua. Msituambie tena kwamba mzazi hanunui, wakati kilichopo cha kununua kiko rafu ya chini, nyuma, na mwanangu wa miaka kumi na miwili hakimtoshi kama shati la mwaka juzi.

Na walimu, ambao ni wenzetu na tunajua mzigo wenu wa madarasa ya watoto mia: mkipata dakika ishirini Ijumaa, someni hadithi kwa sauti halafu fungeni kitabu. Msiulize kitu. Mwalimu wetu alijaribu jambo hilo miaka yake ya mwisho kazini. Anasema mara ya kwanza watoto walibaki wameketi, kalamu mkononi, wakisubiri maswali. Aliwaambia hakuna maswali, nendeni mkacheze. Hawakuondoka. Wakaanza kuuliza wao.

Yule wa Singida alirudi kwao Januari, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Tulimsindikiza stendi alfajiri. Begi lake lilikuwa na nguo, kilo mbili za sukari za bibi yake, na kaunta buku jipya ambalo binamu yake alikuwa akiliandika kwa siku tano bila kumwambia mtu. Ndani yake mlikuwa na kile kitabu, chote, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, na michoro ameiga yeye mwenyewe. Zile kurasa mbili za mwisho ambazo hazikuwepo, alizitunga. Jibini halimo popote.

Wiki ya pili ya masomo simu ya mama wa binti yule iliita usiku. Ilikuwa Singida. Mtoto hakusalimia vizuri hata kidogo, akaombewa radhi na shangazi yake. Alikuwa anasema daftari limeshazunguka darasa zima, sasa liko darasa la sita, na wanauliza la pili linakuja lini.